Mfupa Umelia, Kisha Nini?

Video hizo zimejaa kwenye simu zetu. Mgonjwa analala kifudifudi juu ya kitanda chembamba, mtaalamu anaupapasa uti wa mgongo wake pingili kwa pingili, anaweka viganja mahali alipopachagua, anamwambia ashushe pumzi, kisha anasukuma mara moja kwa kasi. Mfupa unalia. Mgonjwa anainuka akijishika kiuno, anageuza shingo huku na huku, anasema maumivu yameisha. Chini ya video watazamaji wanaulizana: huyu yuko mji gani, anatoza kiasi gani, na magoti anatibu?

Nimetumiwa video za namna hiyo na ndugu, majirani na watu niliosoma nao, na karibu kila anayenitumia ana mahali panapomuuma. Ndiyo maana sioni vyema kuzijibu kwa kejeli, wala kuzishabikia. Mtu asiyelala vizuri kwa miezi, anayeshindwa kuinama avae viatu au kuchuchumaa chooni, ana haki ya kuelezwa waziwazi mikono hiyo inaweza kumsaidia wapi, inaishia wapi, na yeye mwenyewe afanye nini akisharudi nyumbani.

Wenye swali hilo ni wengi mno. Kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet Rheumatology, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020, na inakadiriwa watafika milioni 843 ifikapo 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi washindwe kuendelea na shughuli zao. Kwa kuwa haliui, halifanyiwi kampeni. Humwondoa hamali sokoni, mama shambani na dereva kwenye usukani, na familia hubaki kujua wenyewe namna ya kuziba pengo la kipato.

Tuanze na ule mlio. Wengi huamini kuwa ni mfupa uliohama unaorudi mahali pake. Sivyo. Kiungo kinachojongea kimefungwa ndani ya mfuko wenye ute wa kulainisha. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, shinikizo ndani ya ute hushuka na uwazi wenye gesi hujitokeza. Mlio husikika papo hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, waliushuhudia uwazi huo ukitokea walipovuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI. Kiungo kikishalia hukaa kama dakika 20 kabla ya kuweza kulia tena. Na kulia huko hakuharibu mifupa kama tulivyotishwa utotoni. Daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliviliza vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa miaka ipatayo 50, akauacha wa kulia. Mwaka 1998 aliandika kwamba mikono yote miwili haikuwa na ugonjwa wa viungo.

Kwa hiyo mfupa unaweza kulia na mtu asipone, na mtu anaweza kupata nafuu bila mfupa kulia. Lakini nafuu yenyewe ni ya kweli. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba msukumo ule wa haraka huamsha mishipa ya fahamu iliyomo katika misuli na viungo, misuli iliyokaza hulegea, na kwa muda ubongo huzipokea taarifa za maumivu kwa ukali mdogo zaidi. Tena mgonjwa amehisi mgongo wake ukisogezwa bila kuvunjika. Kwa aliyekaa miezi akiogopa hata kupiga chafya, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Chumba cha Davenport

Tiba hii inayoitwa kiropraktiki ilizaliwa Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, alikuwa hapo kabla akiwatibu watu kwa kile alichoamini kuwa nguvu ya sumaku itokayo mikononi. Katika jengo lenye ofisi yake alifanya kazi ya usafi Mmarekani mweusi aliyeitwa Harvey Lillard, ambaye kwa miaka 17 alikuwa karibu kiziwi. Kwa maelezo ya Palmer, Lillard alimwambia kwamba masikio yalimziba siku alipoinama na kuhisi kitu kimeachia mgongoni. Septemba 18, 1895, Palmer aliupapasa mgongo huo, akakuta pingili iliyojitokeza kuliko wenzake, akaisukuma. Akatangaza kwamba Lillard amerudiwa na usikivu. Mwaka 1897 alifungua shule.

Hapo ndipo madaktari walipopata hoja yao ya kwanza, nayo haijafa hadi leo: mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni moja kwa moja hadi kwenye ubongo, haupiti mgongoni. Palmer hakurudi nyuma. Alifundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama. Alipotiwa hatiani mwaka 1906 kwa kutibu bila leseni, alichagua kwenda jela kuliko kulipa faini. Mwanawe, B. J. Palmer, ndiye aliyeieneza tiba hiyo hadi ikawa na wafuasi nchi nzima.

Uadui ulidumu vizazi. Mwaka 1963 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati maalumu ya kupambana na waliowaita matapeli wa tiba, na wataalamu wa kiropraktiki ndio waliolengwa hasa. Daktari aliyeshirikiana nao, hata kwa kumpeleka mgonjwa, alihesabiwa kuwa amevunja maadili ya kazi. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake wanne walifungua kesi. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner aliamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani kwa kula njama ya kuwasusia.

Wafuasi wa Palmer walishangilia, na kwa upande wa haki walistahili kushangilia. Lakini jaji hawezi kuamua kama kiuno kimepona. Hilo lilihitaji majaribio, nayo yakaja. Mwaka 2004 nchini Uingereza, wagonjwa 1,334 wa maumivu ya mgongo walifuatiliwa: waliopewa tiba ya kunyooshwa uti wa mgongo kisha mazoezi walipata nafuu ya wastani baada ya miezi 3, na nafuu ndogo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 9,211 wenye maumivu ya muda mrefu. Tiba ya kunyoosha uti ilionekana kufanya kazi karibu sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo.

Karibu sawa. Neno hilo halivutii watazamaji wa video, lakini kwangu ni habari njema. Tiba iliyoanza kwa madai ya kuponya kila kitu imebaki na kipande kidogo ambacho ni cha kweli. Hata Baraza Kuu la Kiropraktiki la Uingereza, ambalo kazi yake ni kuwasimamia wataalamu hao, lilitamka mwaka 2010 kwamba nadharia ya pingili iliyohama kuwa chanzo cha magonjwa haina ushahidi wa kitabibu wa kuiunga mkono.

Ndani ya fani hiyo leo kuna watu wa namna mbili. Wako wanaojishughulisha na misuli na viungo tu, wanaopima kabla ya kugusa, wanaompa mgonjwa mazoezi na kumwachia aende zake. Hao wanastahili nafasi katika mfumo wa afya pamoja na wengine. Wako pia wanaoahidi kutibu pumu, kikojozi na masikio ya watoto wachanga kwa kusukuma pingili, na wanaomuuzia mgonjwa kifurushi cha mahudhurio ya mwaka mzima siku ya kwanza tu. Hao wa pili nawaomba wasomaji wangu wawaepuke bila kuona haya. Mtoto mchanga hana sababu ya kunyooshwa uti wa mgongo. Mwaka 2019 Bodi ya Kiropraktiki ya Australia iliwazuia wataalamu wake kuwafanyia tiba hiyo watoto walio chini ya miaka 2, baada ya video moja kuitia nchi hasira.

Shingo nayo inataka tahadhari ya peke yake. Mishipa miwili ya damu hupanda hadi kwenye ubongo kupitia ndani ya pingili za shingo, na kuna visa, vichache lakini vya kutisha, ambapo ukuta wa mshipa huo ulichanika na mtu akapata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Watafiti bado wanabishana ni mara ngapi tiba ndiyo iliyochana, na ni mara ngapi mshipa ulikuwa umeanza kuchanika na ndiyo sababu mtu alikwenda kutafuta tiba. Kwa mgonjwa matokeo ni yaleyale. Maumivu makali ya ghafla ya shingo na kisogo, yasiyofanana na yoyote aliyowahi kuyapata, ni ya kupelekwa hospitali. Na kinyozi anayemaliza kunyoa kwa kuigeuza shingo ya mteja hadi ilie, hata kama anafanya hivyo kwa nia njema, aambiwe aache.

Kitanda kilivyoshindwa

Kwa miaka mingi, dawa kuu ya mgongo hospitalini ilikuwa kulala. Mgonjwa aliambiwa apate godoro gumu, alale chali wiki moja au mbili, asinyanyue kitu. Ushauri huo ulionekana una busara kiasi kwamba hakuna aliyefikiria kuupima.

Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake, huko Texas, waliupima. Wagonjwa 203 waligawanywa: wengine walishauriwa walale siku 2, wengine siku 7. Walioambiwa walale siku 2 walikosa siku za kazi chache zaidi kwa asilimia 45, na kwa mengine yote hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walikwenda mbele zaidi kwa wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki. Kundi lililoendelea na shughuli za kawaida kwa kadiri maumivu yalivyoruhusu lilipona haraka kuliko waliolala.

Sababu zinaeleweka. Misuli isiyotumika hunywea ndani ya siku chache. Kiungo kisichosogezwa hukakamaa. Zaidi ya yote, mtu aliyelala hupata muda mrefu wa kuogopa. Daktari mpasuaji wa Uskoti, Gordon Waddell, aliyewahudumia wagonjwa wa mgongo miaka mingi, alisisitiza kwamba hofu ya maumivu inaweza kumlemaza mtu kuliko maumivu yenyewe. Mgonjwa huacha kuinama kwa sababu anaogopa, mgongo hukakamaa kwa sababu hainami, na siku akiinama unauma kwelikweli, naye huona hofu yake ilikuwa na haki.

Hofu hiyo mara nyingi huongezwa na picha. Mtu anatoka kwenye kipimo na karatasi inayosema diski zimetokeza na pingili zimesagika, na kuanzia siku hiyo anatembea kama aliyebeba mayai. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa tayari na dalili za diski kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 ilifika asilimia 96. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20 wasiolalamika chochote. Sehemu kubwa ya kinachoitwa kusagika ni mvi za ndani. Kipimo kina kazi yake pale daktari anaposhuku jambo kubwa, au pale mguu unapozidi kufa nguvu. Kukifanya kwa kila kiuno kinachouma ni kulipa pesa nyingi ili kununua wasiwasi.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima wanaohudumiwa katika ngazi ya msingi. Unapendekeza mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake, mazoezi, kuchuliwa, kunyooshwa uti wa mgongo, msaada wa kisaikolojia, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni pale zinapofaa. Haupendekezi mikanda ya kiuno inayouzwa katika kila duka la dawa, wala mashine za kuvuta mgongo, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Nilipoisoma orodha hiyo nilifikiria mikanda mingapi niliyoiona imefungwa juu ya shati na watu waliojinyima ili kuinunua. Na ifahamike kwamba diklofenaki, hata pale inapofaa, si pipi. Anayejinunulia kila wiki, au kuchomwa sindano kila kiuno kikimkumbusha, anajitafutia vidonda vya tumbo, presha na figo kushindwa kazi.

Mizigo yetu

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Norman Heglund, Richard Taylor na wenzao. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Matokeo yaliwashangaza wasomaji wa Ulaya: wanawake hao waliweza kubeba mzigo wenye uzito wa hadi asilimia 20 ya miili yao bila kutumia nguvu ya ziada, jambo ambalo askari waliobeba mikoba hawakuliweza. Mwendo wao, uliojengwa tangu utotoni, ulikuwa umeupata uwiano ambao maabara haikuujua.

Nautaja utafiti huu mara nyingi, kwa sababu wapo wanaosema tumezaliwa kubeba. Ulichopima ni pumzi na nishati. Haukusema kwamba shingo ya mama anayebeba ndoo ya lita 20 mara kadhaa kwa siku, akiwa na mtoto mgongoni, haichoki. Mwili hujifunza kazi kwa ustadi, na bado kazi inaweza kuuzidi. Jembe la mpini mfupi humkunja mkulima kutwa nzima. Dereva wa bodaboda hupokea kila shimo la barabara kiunoni. Hamali wa Kariakoo hubeba gunia ambalo lumbesa imeliongezea kilo ambazo hakuna aliyezipima. Na karani aliyekaa tangu asubuhi mbele ya kompyuta naye huumwa, kwa sababu kukaa bila kubadili mkao ni mzigo pia.

Mtaalamu mzuri wa fiziotherapia huanzia hapo hasa, kwenye kazi ya mtu. Chukua hamali huyo. Hakuna maana ya kumwambia aache kubeba. Watoto watakula nini? Kwanza anahojiwa: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au yanaishia kiunoni, usiku yakoje, mkojo na choo vikoje. Anapimwa nguvu za miguu, hisia za ngozi, anainama na kujinyoosha mbele ya mtaalamu. Huenda akachuliwa au kunyooshwa siku za mwanzo ili aweze kusogea. Kisha kazi yenyewe inaanza: kukaza misuli ya tumbo na makalio, kuchuchumaa na kuinuka bila mzigo, baadaye na ndoo yenye maji nusu, baadaye mfuko wa kilo 10, baadaye 20, wiki hadi wiki. Anaambiwa mapema kwamba mwili utauma kidogo baada ya mazoezi na kwamba kuuma huko si kuumia. Siku anayorudi sokoni anarudi na mgongo uliofundishwa kubeba tena, na anajua la kufanya maumivu yakimrudia, kwa kuwa kwa wengi hurudi. Huu ndio utengamao: kumrudisha mtu kwenye maisha yake akiwa na uwezo wa kuyaishi, hata kama maumivu hayakwisha yote.

Sharti hili la kutumia mwili halihusu mgongo peke yake. Mwaka 2002 madaktari wa Houston waliwagawa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa upasuaji wa kamera, wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa. Makundi yote yalipata nafuu ileile. Wakati huohuo mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo hayana kisu wala kamera, yameendelea kuonyesha kwamba yanapunguza maumivu ya goti.

Na wachuaji wetu? Pwani yote, tangu Lamu hadi Kilwa, kuchuliwa ni sehemu ya malezi. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, kijana aliyeteguka uwanjani hupelekwa kwa mzee anayejulikana kwa mikono yake, mwenye baridi yabisi huitiwa mpiga chuku. Kuchua kumo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo mikono ya bibi yenye mafuta ya nazi haiko mbali na sayansi hata kidogo. Chuku zina ushahidi mwembamba zaidi, na wembe uliotumika kwa mwingine ni njia ya homa ya ini na virusi vya ukimwi. Wanaounga mifupa nao wana ujuzi wa kweli, ila ubao uliofungwa kwa kukazwa mno huzuia damu, na vidole vikianza kuwa vya baridi na kubadilika rangi, kiungo kinakufa kwa saa, si kwa siku. Muungaji anayejua kumwambia mgonjwa "hili si la kwangu, nenda hospitali" ndiye ninayemwamini.

Maana kuna mgongo usiopaswa kuguswa na yeyote kabla ya kupimwa. Mwaka 1779 daktari wa London, Percivall Pott, alieleza ugonjwa unaoula uti wa mgongo, unaomfanya mtu apate kibiongo na miguu kupooza. Leo tunajua ni kifua kikuu kilichohamia kwenye pingili, na Afrika Mashariki bado tunacho. Huja polepole: mgongo unauma hata mtu akipumzika, usiku zaidi, jasho linalowesha shuka, homa za jioni, kilo zinapungua. Mgonjwa anaweza asiwe na kikohozi hata kimoja. Pingili kama hiyo ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuporomoka juu ya uti wa mgongo. Ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Nimewataja wagonjwa hawa kwa urefu kwa sababu ndio wanaozungushwa kutoka kwa mchuaji hadi kwa mwombeaji hadi kwenye kliniki ya kunyoosha, na kila mmoja anawapotezea mwezi.

Kuna na dharura ya saa chache: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mahali panapogusana na tandiko mtu akipanda baiskeli, pamoja na mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe, au miguu yote miwili kulegea. Huyo apelekwe usiku uleule. Mwenye historia ya saratani, aliyeanguka kutoka juu, na mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi nao hawapaswi kunyooshwa kabla ya uchunguzi.

Wa kufanya uchunguzi huo wapo, ila ni wachache na wamekusanyika mijini. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, hufundishwa wataalamu wa fiziotherapia, na hapohapo kimekuwapo tangu 1981 chuo cha TATCOT kinachowafunza watengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi kwa nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Kenya wanafundishwa katika vyuo vya KMTC, na tangu 2014 nchi hiyo ina sheria inayowasajili na kuwasimamia. Wataalamu wa kiropraktiki wenye shahada, waliosomeshwa Ulaya, Marekani au katika vyuo vikuu vya Johannesburg na Durban, ni wa kuhesabika. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Wakulima wa Rukwa au Turkana hawatawafikia kwa nauli wanayoweza kuipata.

Ndiyo maana navutiwa na walichokianza wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark mwaka 2013 kwa wagonjwa wa magoti na nyonga. Watu hukutana kwa kikundi, wanafundishwa kwa lugha rahisi ugonjwa wao ni nini, kisha wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, wakisimamiwa. Mpango huo umevuka hadi Kanada, Australia na China. Mazoezi yake ni kuinuka kwenye kiti na kukaa, kupanda na kushuka ngazi moja, kuteleza mguu sakafuni, kulala chali na kuinua nyonga.

Vifaa vya mazoezi hayo vimo katika zahanati yoyote yenye benchi na kibaraza. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia wa wilaya anaweza kuwafunza wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii kusimamia kikundi cha namna hiyo, akawatembelea kila mwezi, na akawachukua mwenyewe wale tu ambao hali zao ni ngumu. Mama wa miaka 60 anayeshuka ngazi za kanisa au msikiti kwa kushika ukuta angeanza Jumatatu, bila picha ya MRI, bila mkanda, bila kusafiri. Halmashauri zinapoketi kupanga bajeti za afya, mstari mmoja wa mafunzo hayo ungegharimu kidogo sana ukilinganisha na sindano za diklofenaki zinazotumika sasa, na ningependa kuona halmashauri ya kwanza itakayouandika.